Siku 7 za Bure Zimekula Mtaji? Hivi Ndivyo Unavyodai Hela Yako

Leo tuongee kuhusu hela inayotoka kwenye akaunti yako bila wewe kuituma.

Umeona tangazo la programu ya kutengeneza mabango ya bidhaa. Au ya kuhariri video. Au ile inayoondoa vurugu za nyuma kwenye picha, kiatu ulichokipigia juu ya kitanda kinaonekana kimekaa kwenye duka la kioo. Imeandikwa: jaribu siku 7 bure. Unaweka namba za kadi, unatengeneza mabango yako matatu, unaendelea na maisha. Siku ya nane asubuhi unasoma ujumbe: umekatwa.

Na hapo si buku mbili. Programu nyingi siku za bure zikiisha hazikati wiki wala mwezi, zinakata mwaka mzima kwa mkupuo. Chukua mfano wa dola 60. Ukiipiga dola moja kwa shilingi 2,500 hivi, hiyo ni 150,000. Kwa mtu anayezungusha mtaji wa laki tatu, nusu ya duka imeondoka usiku mmoja.

Mimi ni muuzaji mwenzenu hapa Tunduma. Kwa kuwa naelewa elewa mambo ya simu, watu hunijia: "Kaka, hebu angalia, hii hela imekwenda wapi?" Nimeshashika simu za kutosha kujua kwamba wengi wanaopoteza hela hizi hawapotezi kwa sababu haidaiki. Wanapoteza kwa sababu wanachelewa, au wanadai kwa mtu ambaye si yeye aliyekata. Tuanzie hapo.

1. JUA KWANZA NANI AMEKUKATA

Hela ya programu hutoka kwa njia tatu, na kila njia ina mlango wake wa kudai.

Njia ya kwanza ni Google Play, yaani Play Store ya simu za Android. Kwenye taarifa ya benki au ujumbe wa makato utaona neno GOOGLE limetangulia, kisha jina la programu. Risiti yake huja kwenye Gmail, na namba ya oda huanza na herufi GPA.

Njia ya pili ni Apple, kwa wenye iPhone. Taarifa huandikwa APPLE.COM/BILL.

Njia ya tatu ni tovuti ya kampuni yenyewe. Uliingia kwenye tovuti yao, ukaandika namba za kadi mwenyewe. Hapo utaona jina la kampuni tu, na Google wala Apple hawahusiki. Ukiwaandikia wao utakuwa unamdai jirani deni la mtu mwingine.

Sasa hapa mpakani kwetu kuna jambo linasumbua sana. Wengi tuna laini mbili, ya Tanzania na ya Zambia, na Gmail iliyofunguliwa na fundi siku tuliponunua simu. Nenosiri hatulijui. Risiti zinaingia humo, hatuzioni. Makato yanatangazwa kwenye laini ambayo imekaa kwenye droo. Kabla ya yote, fungua Play Store, gusa ile picha ya duara juu kulia, uone ni Gmail ipi inatumika. Kama ziko mbili, angalia zote. Usajili wa kulipia unakaa kwenye akaunti, haukai kwenye simu. Ndiyo maana mtu anauza simu yake Nakonde na bado anakatwa kila mwezi.

2. SIMAMISHA KWANZA, DAI BAADAYE

Kosa linalojirudia kuliko yote: mtu akiona amekatwa, anafuta programu kwenye simu kwa hasira na kudhani yameisha. Hayajaisha. Kufuta programu hakusitishi usajili. Mwezi ujao watakata tena.

Kwenye Android: fungua Play Store, gusa picha ya duara, ingia palipoandikwa "Payments & subscriptions", kisha "Subscriptions". Chagua programu, gusa "Cancel subscription", fuata maswali mpaka mwisho. Wengine huishia katikati kwa sababu programu inakuletea ofa: "Subiri, tukupunguzie nusu bei!" Usikubali, endelea mpaka uone tarehe ya mwisho ya huduma.

Kwenye iPhone: ingia Settings, gusa jina lako juu kabisa, kisha "Subscriptions", chagua programu, sitisha.

Kwenye tovuti: ingia kwenye akaunti yako, tafuta sehemu ya malipo, mara nyingi imeandikwa "Billing". Sitisha, halafu piga picha ya skrini inayoonyesha umesitisha, na tarehe ionekane. Picha hiyo ni ushahidi wako.

Kuna wanaosema, "Mimi naacha salio sifuri tu, watakata nini?" Ndugu yangu, wewe ni mfanyabiashara. Salio lako halikai sifuri. Malipo yakigoma, mfumo hujaribu tena siku zinazofuata. Kama kadi yako ya mtandaoni inavuta moja kwa moja kwenye pochi ya simu, mteja wa Vwawa akikulipa hela ya mzigo saa nne, inaweza kuondoka kabla hujamfungia boda. Hapo unakuwa na oda, huna hela ya kuitimiza.

Kufunga kadi nako kunasaidia, ila ni breki tu. Usajili unabaki wazi upande wa pili. Sitisha kwenye mlango uliosajilia.

3. GOOGLE: KUMBUKA SAA 48

Kama umekatwa kupitia Google Play, una saa 48 za dhahabu. Ndani ya muda huo maombi ya kurudishiwa hela unayapeleka kwa Google wenyewe, na nafasi ya kukubaliwa ni kubwa zaidi kuliko baadaye.

Fungua kivinjari cha simu, siyo programu ya Play Store, nenda play.google.com. Ingia kwa Gmail iliyokatwa. Gusa picha yako, ingia "Payments & subscriptions", kisha "Budget & order history". Tafuta malipo husika, gusa "Report a problem", chagua sababu inayofanana na hali yako, andika maelezo mafupi, tuma. Majibu mara nyingi huja haraka, ingawa yanaweza kuchukua siku kadhaa.

Mama mmoja anayeuza vitenge pale Sogea aliniletea simu Jumapili mchana. Alikuwa amekatwa Jumamosi usiku. Tuliandika mistari minne tu. Jibu la kukubaliwa lilikuja Jumatatu, hela ikarudi kwenye kadi wiki iliyofuata. Angesubiri mpaka Jumatano tungekuwa tunaongea habari nyingine.

Saa 48 zikipita, Google kwa kawaida watakuelekeza kwa mtengenezaji wa programu. Anwani yake iko kwenye ukurasa wa programu ndani ya Play Store, chini, sehemu ya msaada. Wengine hurudisha hela vizuri tu ukiwaandikia kwa adabu, hasa kama hujaitumia programu tangu ukatwe. Usikate tamaa kwa sababu siku mbili zimepita.

Hela ikikubaliwa kurudi kwenye kadi, mara nyingi huchukua siku 3 hadi 5 za kazi, na inaweza kufika 10 kutegemea benki. Usianze kugombana na karani wa benki siku ya pili.

4. IPHONE: OMBI MOJA, ANWANI MOJA

Wenye iPhone, nenda reportaproblem.apple.com. Ingia kwa akaunti yako ya Apple, chagua "Request a refund", chagua sababu, chagua programu, tuma. Apple husema watatoa taarifa ndani ya saa 24 hadi 48. Kama malipo bado yanasomeka kwamba yanashughulikiwa, subiri yakamilike kwanza ndipo uombe.

Kumbuka jambo moja: Apple wanataka usitishe angalau saa 24 kabla siku za bure hazijaisha. Ukisubiri asubuhi ya siku ya mwisho, umeshachelewa.

5. TOVUTI: HAPA NDIPO PANAPOTAKA UVUMILIVU

Uliyeandika kadi kwenye tovuti, unadai kwa kampuni yenyewe kwa barua pepe. Wengi wao wako mbali na hawasomi Kiswahili. Andika kwa Kiswahili cha sentensi fupi, kisha pitisha kwenye programu ya kutafsiri. Sentensi fupi zinatafsirika vizuri. Ndefu zinaharibika.

Huu ndio mfano ninaotumia:

"Habari. Naomba kurudishiwa malipo. Barua pepe ya akaunti yangu ni [andika]. Nilianza kujaribu bure tarehe [andika]. Nilikatwa dola [andika] tarehe [andika]. Sikupata taarifa ya kunikumbusha kabla ya kukatwa. Sijatumia huduma tangu tarehe hiyo. Nimeshasitisha usajili, picha nimeambatisha. Naomba mrudishe kiasi chote kwenye kadi ileile. Naomba jibu ndani ya siku 7. Asante."

Basi. Usieleze habari za ada ya mtoto wala kodi ya fremu. Si kwamba hazina maana, ila anayesoma anatafuta vitu vinne: akaunti, tarehe, kiasi, sababu. Mpe hivyo. Na kila sentensi iwe kweli. Kama walikutumia kumbusho, ondoa mstari huo.

Kwa nini nimeweka mstari wa kumbusho? Kwa sababu una uzito. Tangu Aprili 2020, kanuni za Visa zinawataka wauzaji wa huduma za kujaribu bure wamjulishe mteja angalau siku 7 kabla ya kuanza kumkata, jaribio linapokuwa la zaidi ya siku 7, na wampe njia rahisi ya kusitisha mtandaoni. Kampuni ambayo haikukumbusha inajua ina udhaifu hapo.

6. WAKIKATAA, NENDA KWA ALIYEKUPA KADI

Kampuni ikikataa au ikinyamaza, mlango unaofuata ni benki yako, au mtandao wa simu uliokupa kadi ya mtandaoni. Waambie unataka kupinga muamala wa kadi. Tumia maneno hayo hayo, "kupinga muamala", maana ukisema "nimekatwa hela" utaelekezwa kwenye makato ya huduma na mtazunguka.

Beba vitu hivi: ujumbe wa makato, picha ya kusitisha, barua pepe uliyotuma, na jibu lao kama lipo. Kwa kadi za Visa na Mastercard, aina nyingi za madai zina ukomo wa siku 120 tangu muamala, lakini benki yako inaweza kutaka mapema zaidi. Usikae na dai miezi mitatu.

Kijana mmoja wa Mlowo anayeuza kahawa ya Mbozi kwa oda za mtandaoni alikataliwa na kampuni mara mbili. Alikuwa ametunza kila picha. Benki ilipokea dai, ikachukua zaidi ya mwezi, hela ikarudi. Mwingine wa Vwawa alikuja akiwa amekatwa miezi mitatu mfululizo, na programu alikuwa anaitumia kila wiki. Huyo hakurudishiwa kitu. Tuliweza kusitisha tu. Nawaambia yote mawili ili mjue mnakwenda kwenye nini.

Benki ikikuzungusha, andika malalamiko rasmi kwao, upate namba ya lalamiko. Usiporidhika na jibu, Benki Kuu ya Tanzania inapokea malalamiko ya wateja wa huduma za fedha, na ina tawi Mbeya. Zipo Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019, na utaratibu ni huo: unaanza kwa mtoa huduma wako, ukishindwana ndipo unapanda juu.

Na kama kinachokukata ni huduma za ujumbe kwenye laini, zile za mapenzi, mpira na dini zinazokula vocha kila siku, huko siyo benki. Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako, waambie waondoe huduma zote za kulipia, na wadai wakurudishie. Wakigoma, TCRA wana ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini pale Mbeya.

7. USIDANGANYE

Kuna ushauri unazunguka kwenye magrupu: "Sema mtoto alibonyeza." Usiseme kama siyo kweli. Wao wanaona siku ngapi uliingia, mabango mangapi ulitengeneza. Ukishikwa kwenye uongo mmoja, dai lako la kweli linakufa nalo.

Tena sisi ni wauzaji. Tunamjua mteja anayevaa kiatu Jumamosi kwenye harusi, Jumatatu anakirudisha anasema kimembana. Tunavyomchukia yule, tusiwe yeye. Kama programu umeitumia mwezi mzima na imekuuzia mzigo, lipa, sitisha, songa mbele. Dai kile ambacho hukukusudia na hukukitumia.

Lakini vilevile usijione mjinga ukadhani umekatwa peke yako. Septemba 2025 kule Marekani, Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza kesi ya Tume ya Biashara ya nchi hiyo. Madai yalikuwa kwamba watu waliingizwa kwenye usajili wa Prime bila ridhaa ya wazi, na kujitoa kukafanywa kugumu. Amazon haikukiri kosa, ila bilioni 1.5 kati ya hizo zilitengwa kurudishiwa wateja. Kama mamilioni ya Wamarekani walidaiwa kunaswa, basi wewe wa Mpemba kunaswa si ajabu.

8. MATAPELI WA "KUREJESHA HELA"

Ukiandika hadharani kwamba umekatwa, ndani ya dakika kumi atatokea "wakala wa kurejesha fedha". Atakuomba namba za kadi, zile tarakimu tatu za nyuma, au namba ya siri iliyokuja kwa ujumbe. Google, Apple na benki hawaombi PIN yako ili wakurudishie hela. Hela inarudi kwa njia ileile iliyotokea, haihitaji ada ya kufungulia. Namba ya tapeli itume TCRA kupitia 15040, halafu mfungie.

9. KINGA KABLA YA TIBA

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa hiyo:

Siku unayojisajili ndiyo siku ya kusitisha. Kwenye Google Play, ukisitisha mapema kwa kawaida unaendelea kutumia mpaka siku zako za bure ziishe. Unafaidi bila kubeba hofu.

Soma ile sentensi ndogo chini ya kitufe. Ndiyo imebeba bei, na kama ni ya mwezi au ya mwaka.

Tenganisha kadi ya kununulia vitu mtandaoni na pochi inayopokea hela za wateja. Kadi unayoijaza mwenyewe kwa kiasi unachotaka ni salama kuliko inayovuta kwenye salio lote. Muulize aliyekupa kadi, yako iko upande gani.

Weka kengele kwenye simu siku tatu kabla ya mwisho. Andika jina la programu na bei, siyo "kumbuka ile kitu".

Na tafuta nenosiri la Gmail yako leo. Usingoje likutane na dharura.

Mwisho, tukitoa ofa zetu wenyewe, tuwe wazi. Ukimwambia mteja usafirishaji bure, uwe bure mpaka mlangoni. Hela ya mteja aliyejiona ametegwa hairudi dukani kwako, hata kama ya kwanza ulishaipata.

Ukimaliza kusoma hapa, fungua Play Store au Settings, ingia sehemu ya usajili, hesabu ziko ngapi. Kuna mtu hapa atakuta tatu asizozijua, na moja kati ya hizo inakata kesho. Ukijua mwenzako aliyekatwa jana, mtumie leo. Saa 48 zinakimbia.